UZI: Umbo la zimwi, moyo wa mtu. Mazimwi ya Japani kutoka jukwaa la Noh hadi kwenye filamu na anime

#1 Fundi Taswira (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Wiki iliyopita mdogo wangu wa kidato cha pili alikuwa sebuleni anatazama Demon Slayer, anime (katuni ya Kijapani). Akafika pale Tanjiro, kijana shujaa wake, anapolikata kichwa zimwi la mikono mingi kule mlimani, lile ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiwala wanafunzi wa mwalimu wake. Mwili unaanza kupukutika kama majivu. Tanjiro, badala ya kushangilia, anaushika mkono mmoja wa lile zimwi na kuliombea. Dogo akanigeukia: "Kaka, si limeua watu? Anamhurumia nini sasa?"

Nilimjibu kwa maneno mawili matatu, ila usiku ule swali lilinikaa kichwani, maana nilijua nimemnyima jibu lenyewe. Jibu lina umri wa miaka 600, na limeanzia kwenye jukwaa la Noh.

Kwa wasioijua, Noh ni maigizo ya kale ya Japani. Jukwaa ni mbao tupu, nyuma umechorwa msonobari mmoja tu. Kuna ngoma, filimbi, waimbaji wamepiga magoti pembeni, na mwigizaji mkuu amevaa kinyago. Walioyapa maigizo haya sura tunayoijua ni Kan'ami na mwanawe Zeami, wakifadhiliwa na shoguni (mtawala wa kijeshi) Ashikaga Yoshimitsu katika karne ya 14. Mwaka 1421 Zeami aliandika kijitabu chenye michoro ya mikao ya mwigizaji, na humo akayagawa mazimwi mafungu mawili. Fungu la kwanza lina umbo la zimwi na moyo wa mtu. Fungu la pili ni zimwi nje, zimwi ndani, nguvu tupu. Hilo la pili, akasema, sisi katika ukoo wetu wa uigizaji hatulichezi.

Nataka uzi huu tufuate hilo fungu la kwanza, tuone limesafirije hadi kwenye skrini.

Neno "zimwi" nimelichagua kwa makusudi. Wajapani wanasema oni, na wengi hutafsiri jini au shetani. Jini kwetu ameumbwa jini, ana ukoo wake na hata dini yake. Hakuwahi kuwa jirani yako. Oni anaweza kuwa jirani yako wa jana, au mama yako mzazi. Zimwi la hadithi za bibi, linaloishi porini, linalojigeuza na kula watu, ndilo linalokaribia. Tofauti ni kwamba bibi zetu mara nyingi hawakutuambia zimwi lilitoka wapi. Wajapani wanakaa hapohapo: lilitoka wapi, na nani alilifikisha huko.

Nitaendelea hapa chini taratibu.

#2 Kaskazi

Nimeweka kambi mkuu. Kabla hujaendelea, yule mwenye pembe mbili na mdomo uliopasuka hadi masikioni, ambaye watu wanajichora tatuu yake mgongoni, ndiye oni? Mie nilijua ni dume siku zote.

#3 Fundi Taswira

Mkuu Kaskazi, huyo anaitwa hannya, na ni mwanamke. Ni mwanamke aliyeungua kwa wivu na uchungu mpaka akaota pembe. Wachongaji wa vinyago wana hatua zake kabisa: kuna namanari, ambaye pembe ndiyo kwanza zinachomoza, kuna hannya mwenyewe, na kuna aliyevuka mpaka akawa nyoka, masikio yametoweka na hakuna tena wa kuzungumza naye. Kwa hiyo ukimwona hannya ujue yupo katikati ya njia. Bado anasikia.

Sasa tazama ufundi wake. Kile kinyago kimechongwa kwa mti wa hinoki, hakina kiungo kinachocheza. Mwigizaji akiinamisha kichwa kidogo, kivuli cha paji kinaangukia macho, na yule mnyama anageuka mtu anayelia. Akiinua, mwanga unayapiga meno na macho yenye rangi ya dhahabu, na hasira inarudi. Uso uleule, mti uleule. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza kwenye video ya onyesho la Noh, nilirudisha nyuma mara nne kuhakikisha hawajabadilisha kinyago.

Mchezo wa kumtazamia ni Aoi no Ue, uliotoka kwenye hadithi ya Genji iliyoandikwa na Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11. Bibi Rokujo, mjane mwenye hadhi na mpenzi wa Genji, alidhalilishwa hadharani siku ya sherehe: watumishi wa Aoi, mke wa Genji, walilisukuma gari lake nyuma ya magari mengine likavunjika mbele za watu. Hakusema kitu. Lakini usiku roho yake inatoka mwilini bila ridhaa yake na kwenda kumtesa Aoi kitandani. Jukwaani Aoi hayupo. Limetandazwa vazi moja tu sakafuni, ndilo mgonjwa. Rokujo anapigana na vazi tupu, na wewe mtazamaji macho yanabaki kwake yeye anayeumia na kuumiza.

#4 Fundi Taswira

Naendelea. Nakuja kwenye mchezo ninaoupenda kuliko yote: Kurozuka, ambao wengine huuita Adachigahara.

Watawa wa milimani wako safarini kaskazini, sehemu ambayo leo ni Nihonmatsu, mkoa wa Fukushima. Usiku umewakuta nyikani. Wanaona kibanda, ndani bibi mmoja peke yake anasokota nyuzi kwa gurudumu. Mwanzo anakataa kuwapokea, anaona aibu ya umaskini wake. Baadaye anakubali. Wanamwomba awaonyeshe gurudumu linavyofanya kazi, naye analizungusha huku akiimba jinsi maisha yanavyozunguka yasifike popote. Baridi inazidi. Bibi anasema atatoka akatafute kuni awawashie moto wageni wake. Anapofika mlangoni anageuka: tafadhali, hadi nirudi msichungulie chumba changu cha kulala.

Mtumishi wa watawa hawezi kujizuia. Anachungulia. Chumba kimejaa maiti hadi darini.

Bibi anarudi na mzigo wa kuni mgongoni, na sasa ni hannya. Watawa wanasali, anadhoofika, na jambo la mwisho analolisema ni aibu ya umbo lake lililoonekana. Kisha anapotelea kwenye dhoruba.

Jiulizeni wenyewe: aligeuka zimwi lini? Maiti zilikuwamo siku zote, kwa hiyo alikuwa mla watu kabla watawa hawajafika. Lakini usiku ule alitoka kwenye baridi kuwatafutia kuni. Alikuwa amejaribu kuwa mwenyeji. Mchezo haukupi nafasi ya kusema alikuwa anadanganya, na hauna haja ya kukuhakikishia kwamba alikuwa mkweli.

Wenyeji wa kule wana simulizi la kumweleza. Wanasema jina lake lilikuwa Iwate, yaya wa mtoto wa kibwana huko Kyoto. Mtoto alikuwa hasemi, na mpiga ramli akasema dawa yake ni ini la mimba iliyo tumboni. Iwate akamwacha binti yake mdogo, akamwachia hirizi, akaenda mbali kungoja mja mzito apite. Akangoja miaka. Siku moja mja mzito akapita na mumewe wakaomba hifadhi, na Iwate akafanya alilolijia. Alipopekua maiti akakuta ile hirizi. Wazimu ukaanzia hapo. Simulizi hili likaingia kwenye maigizo ya vikaragosi, mchezo wa Oshu Adachigahara wa mwaka 1762.

#5 Binti wa Pangani

Kaka Fundi, nimesoma hiyo ya hirizi nikaweka simu chini kwanza.

Mimi nimelea watoto wa watu mjini miaka sita, wangu yuko kwa mama yangu. Sikusudii kujifananisha na mla watu, ila ninaelewa kwa nini waliomtunga walimfanya yaya. Mtu aliyelea mtoto wa mwenzake kwa kumwacha wa kwake. Hadithi ingeweza kusema alikuwa mchawi tu ikaisha. Haikusema hivyo.

Hii imetengenezwa filamu?

#6 Fundi Taswira

Dada Binti wa Pangani, asante kwa kulisema hilo. Nimeusoma mchezo huu miaka yote na sijawahi kuutazama kutokea upande wa yaya.

Filamu zipo, na mbili ni kubwa mno.

Ya kwanza ni Kumonosu-jo ya Akira Kurosawa, 1957, inayojulikana kimataifa kwa jina la Throne of Blood. Ni Macbeth ya Shakespeare iliyohamishiwa Japani ya vita. Pale kwenye wachawi watatu Kurosawa ameweka kiumbe mmoja mweupe, kwenye kibanda cha matete katikati ya msitu, anazungusha gurudumu la nyuzi na kuimba kwa sauti isiyojulikana ni ya mume au mke. Mtazamaji wa Kijapani anayeijua Noh anatambua mara moja: huyu ni bibi wa Kurozuka. Na nyuma ya kibanda zimo maiti kwelikweli, malundo ya mifupa ndani ya deraya.

Kurosawa aliwahi kueleza kwamba aliwapa waigizaji wake picha za vinyago vya Noh, akawaambia huu ndio uso wako. Toshiro Mifune alipewa cha shujaa wa vita, heida. Isuzu Yamada, aliyeigiza mke, alipewa shakumi, uso wa mwanamke wa makamo anayekaribia kurukwa na akili. Mtazameni Yamada. Hakunji uso, macho hayachezi, anatembea kwa kuburuza unyayo mpaka unasikia hariri ya vazi ikisugua sakafu. Kuna pale anapokwenda kuchukua sake, pombe ya mchele, ya kuwalevya walinzi. Anaingia kwenye mlango wenye giza totoro, anamezwa kabisa, unabaki unatazama weusi, halafu anatokea tena polepole na chungu mkononi. Hakuna damu wala muziki wa kushtua. Ni mwendo wa jukwaani uliowekwa mbele ya kamera, na unatisha kuliko filamu nyingi za siku hizi zenye bajeti kubwa.

Ya pili ni Onibaba ya Kaneto Shindo, 1964. Jina maana yake ni bibi zimwi, jina ambalo huyo wa Adachigahara huitwa pia, lakini kisa chenyewe kimetoka kwenye mahubiri ya Kibuddha: mama mkwe alivaa kinyago cha zimwi kumtisha mkwewe asiende hekaluni, kikamganda usoni. Katika mahubiri, akisali kinabanduka.

Shindo akakitoa kisa hekaluni akakipeleka kwenye njaa. Karne ya 14, vita kila mahali, mama mkwe na mkwewe wanaishi kwenye nyasi ndefu kumzidi mtu. Kijana wao kachukuliwa vitani. Wanawaua wapiganaji wanaopotea njia, wanawatupa kwenye shimo, wanauza deraya kwa mtama. Mkwe anapoanza kutoroka usiku kwenda kwa mwanamume jirani, mama mkwe anaogopa kuachwa, maana peke yake hawezi kuua, na asipoua hali. Anavaa kinyago kilichovuliwa kwa maiti. Kinaganda. Mkwe anakivunja kwa nyundo, na chini yake uso umeharibika kwa vidonda.

Shindo alizaliwa mkoa wa Hiroshima, na mwaka 1952 alikuwa ameshatengeneza filamu kuhusu watoto wa mji ule. Vidonda vya uso wa bibi alivitoa kwenye picha za walionusurika bomu la atomiki. Kwa hiyo mkwe anapokimbia akipiga kelele ameona zimwi, na mama mkwe anamfukuza kwenye nyasi akilia kwamba yeye ni mtu, ni binadamu, Mjapani wa mwaka 1964 alijua ule uso umetoka wapi.

Naomba mniruhusu niseme hapa ndipo ninapoona Zeami akitimia kuliko mahali pengine popote. Umbo la zimwi, moyo wa mtu, na sasa mtu mwenyewe anapiga kelele aaminiwe.

#7 Mwalimu wa Zamu

Ndugu Fundi, kazi nzuri, ila niruhusu nikupinge. Unayasafisha mno haya mazimwi. Kuna Shuten-doji wa Mlima Oe aliyekuwa akiteka mabinti wa Kyoto na kuwala. Kuna Tsuchigumo, buibui anayewarushia watu utando. Hao moyo wa mtu wameuweka wapi? Watu walikwenda kuwatazama ili waone shujaa akiwakata, kama sisi tulivyokuwa tunakwenda kwenye vibanda vya video kumtazama steringi.

#8 Fundi Taswira

Mwalimu, hoja yako ina uzito na sehemu yake naikubali. Tsuchigumo ni burudani ya macho. Zile nyuzi za karatasi nyeupe zikirushwa na kufunguka hewani, ukumbi mzima unashusha pumzi, na hakuna anayeuliza buibui alikuwa na huzuni gani. Zeami alikataa fungu la pili, lakini waliomfuata hawakulikataa.

Kwa Shuten-doji lakini, urudi kwenye mchezo wa Oeyama. Minamoto no Yorimitsu na watu wake wanapanda mlimani wamejifanya watawa. Shuten-doji anawapokea, anawapa sake, anawasimulia kwamba kwake kwa asili ni Mlima Hiei, na alifukuzwa pale watakatifu walipokuja kujenga mahekalu. Tangu hapo hana makazi. Anawaamini, analewa, analala. Wanamvamia usingizini. Neno lake la mwisho kwao ni kwamba wamemdanganya, wakati zimwi halina upindaji. Mchezo uliowekwa kumsifu shujaa umempa zimwi ile kauli, nawe unatoka ukumbini unaisikia bado.

#9 Nyasa83

Nimefuatilia tangu mwanzo kimya kimya. Naomba kujua filamu ya kwanza kabisa ya mazimwi haya ni ipi?

#10 Fundi Taswira

Mkuu Nyasa83, jibu lake ni zuri kuliko unavyotarajia. Filamu ya kale zaidi ya Kijapani iliyobaki hadi leo ni ya zimwi.

Inaitwa Momijigari, kutazama majani ya vuli. Mwanzo ni mchezo wa Noh wa Kanze Nobumitsu, aliyefariki 1516: shujaa Taira no Koremochi anawakuta wanawake warembo mlimani Togakushi wakifurahia majani mekundu, wanamlevya, naye akiwa usingizini anaonywa kwamba mwenyeji wake ni zimwi. Mwaka 1887 ukafanywa kabuki, maigizo mengine ya jadi ya Japani, kwa kalamu ya Kawatake Mokuami. Tarehe 28 Novemba 1899, Tsunekichi Shibata akasimika kamera nyuma ya ukumbi wa Kabuki-za, Tokyo, akawapiga picha waigizaji wawili wakubwa wa zama zile, Danjuro wa 9 akiwa binti Sarashina, ambaye ndiye zimwi, na Kikugoro wa 5 akiwa Koremochi.

Danjuro hakuipenda sinema. Alikubali kwa sharti isionyeshwe hadharani yeye akiwa hai. Siku ile upepo ulivuma, na katikati ya ngoma ya vipepeo viwili (vile vya mkononi vya kupepea) kipepeo kimoja kikapeperuka kutoka mkononi mwake. Hakukuwa na kurudia. Ndivyo ilivyobaki, na mwaka 2009 Japani ikaitangaza kuwa Mali Muhimu ya Utamaduni, filamu ya kwanza kabisa kupewa hadhi hiyo.

Mimi hicho kipepeo ndicho ninachokipenda. Mzee aliyefanya kila kitu kwa ukamilifu maisha yake yote, na kamera ikamnasa upepo unapomshinda.

Kule Togakushi kwenyewe kuna bonde la Kinasa, jina ambalo huandikwa kwa herufi zenye maana ya kijiji kisicho na zimwi. Wenyeji wana Momiji wao, zimwi aliyeuawa na Koremochi. Kwao alikuwa bibi wa kibwana aliyefukuzwa Kyoto, akaja akawatibu na kuwafundisha mambo ya mjini. Mjini ni zimwi, kijijini ni bibi yetu.

#11 Fundi Taswira

Sasa niwaletee mkono. Kumbukeni nilianza na Tanjiro kushika mkono wa zimwi. Mkono katika hadithi hizi una ukoo wake.

Babu wa wote ni mkono wa zimwi Ibaraki. Watanabe no Tsuna, mmoja wa wapiganaji wanne wa Yorimitsu, alipambana na zimwi kwenye lango la Rashomon, Kyoto, akaukata mkono wake. (Lango ni lilelile la filamu ya Kurosawa ya 1950, kisa ni kingine kabisa, wengi huchanganya.) Akashauriwa aufungie kwenye sanduku, asifungue mlango kwa siku saba. Siku ya mwisho shangazi yake mzee akaja kutoka mbali, akalia mlangoni: nilikulea kwa mikono hii, leo unanifungia nje? Tsuna akalainika. Shangazi akaomba auone mkono. Akaunyakua, akageuka zimwi, akaruka nao. Mokuami aliuandikia kabuki mwaka 1883. Mwigizaji anacheza bibi wa watu aliyejikunja, halafu anapouona mkono uso unabadilika kidogo kidogo, mara moja unafichika, mara mbili unashindwa kufichika.

Mjukuu wa kwanza: Oni ya Kihachiro Kawamoto, 1972. Ni filamu ya vikaragosi, dakika nane hivi. Kawamoto alikwenda Prague kujifunza kwa Jiri Trnka, na inasimuliwa kwamba huko ndiko alikoona umuhimu wa kurudi kwenye Noh na vikaragosi vya kwao. Kisa kimetoka kwenye mkusanyo wa kale wa Konjaku. Ndugu wawili wawindaji wamemwacha mama mzee nyumbani, wanakwenda kuvizia paa usiku. Gizani mkono unamshika mmoja nywele za utosini. Mwenzake anapiga mshale, mkono unakatika. Wanarudi nyumbani nao. Mama analia kwa maumivu chumbani.

Siendelei, mtazame wenyewe.

Mjukuu wa pili: Kuroneko, Shindo tena, 1968. Wapiganaji wenye njaa wanavamia nyumba, wanawabaka mama na mkwewe, wanawaua na kuchoma nyumba moto. Paka mweusi anailamba maiti. Wanawake wanarudi kama mapepo ya paka, wameapa kunywa damu ya kila mpiganaji, wanawangoja pale langoni Rashomon na kuwapeleka kwenye jumba lililo ndani ya mianzi. Yorimitsu, yuleyule wa hadithi za ushujaa, anamtuma mpiganaji mpya kuwaua. Ni mwana wa nyumba ile, mkulima aliyeburutwa vitani, na anaigizwa na Kichiemon Nakamura, mtu wa kabuki kwa kuzaliwa. Anaukata mkono wa mama yake, nao unageuka mguu wa paka, na mama anarudi kwa sura nyingine kuudai. Hapo Shindo amechukua hadithi inayomsifu Tsuna akaigeuza yote: safari hii tunajua mwenye mkono alikuwa nani na alifanyiwa nini, na bwana anayetoa amri ya kuua ndiye bwana wa wale waliomuua. Filamu ilipelekwa Cannes mwaka ule, na tamasha likavunjika kwa ghasia za Mei nchini Ufaransa kabla ya kufika mwisho.

#12 Kaskazi

Mkuu nimekosa maneno. Na Sadako wa filamu ya Ring je, yule wa kisimani na nywele usoni? Naye katoka jukwaani?

#13 Fundi Taswira

Kwa upande wa sura, ndiyo. Sadako ni mzimu wa kisasi na si oni, kwa hiyo nitapita haraka. Mama yake kisanaa ni Oiwa wa Yotsuya Kaidan, kabuki ya Tsuruya Nanboku wa 4 iliyochezwa Edo (Tokyo ya leo) mwaka 1825. Oiwa ametoka kujifungua, anapewa sumu akidhani ni dawa, uso unaharibika, mume anataka kuoa tajiri. Kuna pale anapokaa mbele ya kioo kuchana nywele ili aende kuwakabili kwa heshima yake, na nywele zinang'oka kwa mafungu. Nobuo Nakagawa aliitengeneza filamu mwaka 1959 kwa rangi, na hadi leo waigizaji wakicheza Oiwa huenda kwanza kumwombea kwenye hekalu lake Tokyo. Kwa Ring ya 1998 mwigizaji alitembea kinyumenyume, kisha picha ikarudishwa nyuma, ndiyo maana mwendo wake unakataa kueleweka. Vazi jeupe na nywele ni vya Oiwa.

Ninachomlilia Sadako ni kwamba wengi waliomwiga walichukua nywele wakaacha kioo. Ukiondoa lile tukio la kuchana, unabaki na kitu cha kushtua tu.

#14 Fundi Taswira

Narudi kwa dogo na swali lake. Demon Slayer ya Koyoharu Gotouge, kuanzia manga (kitabu cha katuni) ya 2016, imejengwa kama Noh bila kusema. Katika Noh ya aina hii msafiri anakutana na mtu, mtu anajifunua kuwa roho, anasimulia lilivyompata, anaombewa. Katika Demon Slayer zimwi linakatwa kichwa, na katika zile sekunde za kupukutika ndipo tunaona lilikuwa nani. Lile la mikono mingi lilikuwa mtoto aliyekuwa anaogopa giza na kumtaka kaka yake amshike mkono. Tanjiro anaushika. Miaka yote hadithi ilikuwa ya kukata mkono na kuupora tena, na huyu kijana muuza mkaa akafanya jambo ambalo Tsuna hakulifikiria.

Filamu ya Mugen Train ya 2020 ilivuka yeni bilioni 40 Japani pekee. Na mwaka 2022, mjini Tokyo, Demon Slayer ikapandishwa kwenye jukwaa la Noh lenyewe, Kanze Nogakudo, ikiongozwa na Nomura Mansai, mwigizaji wa Kyogen, vichekesho vinavyoandamana na Noh. Mbao zilezile, msonobari uleule nyuma.

Jana nilimwekea dogo Kurozuka. Alilalamika ni polepole. Kwenye kile kipande cha bibi kugeuka mlangoni akaacha kushika simu.

#15 Mwalimu wa Zamu

Kwa Shuten-doji umenipata ndugu yangu. Nitaitafuta Oeyama.

#16 Nyasa83

Nimetazama Oni ya Kawamoto usiku huu, mara mbili. Mara ya kwanza nilimwangalia yule ndugu mwenye upinde. Mara ya pili nimeuangalia mkono wenyewe pale wanapourudisha nyumbani, kabla hawajajua. Umekondeana, kama wa mtu aliyelala kitandani muda mrefu bila kula vizuri. Wao walikuwa wanauona zimwi tu.

Kesho nampigia mama.